UZI: Mzee wangu aligonga reli miaka 39 na abiria hawakumjua. Naomba nimkumbuke hapa

#1 Mleta uzi

Habari zenu wana jukwaa.

Wiki tatu zilizopita tumemzika baba yetu huku Pugu. Alikuwa na miaka 79. Tangu tulipoanua matanga nimekuwa nikiandika na kufuta. Leo nimeamua niandike tu, hata kama nitaruka huku na huku. Mtanisamehe.

Watu wakisikia marehemu alikuwa mtu wa reli, swali la kwanza ni moja: alikuwa dereva? Pale msibani niliulizwa hivyo sijui mara ngapi, na kila nilipojibu hapana niliona uso wa muulizaji ukipoa kidogo. Dereva anaonekana. Gadi na bendera yake anaonekana, stesheni masta na kofia yake anaonekana. Mzee wangu alikuwa mtu wa njia. Ni wale unaowaona kupitia dirisha la behewa, wamesimama kando ya tuta na sururu begani, wanasubiri treni yako ipite warudi kazini. Pengine uliwahi kumpungia mkono ukiwa safarini kwenda Kigoma au Mwanza, halafu ukamsahau kabla ya stesheni inayofuata. Huyo ndiye ninayetaka kumzungumzia.

Alizaliwa 1946 huko Mpwapwa, upande wa Gulwe. Kwa wasioijua, Gulwe ni stesheni ya Reli ya Kati baina ya Kilosa na Dodoma. Wajerumani walianza kuijenga reli hiyo hapa hapa Dar mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914, miezi michache kabla Vita vya Kwanza vya Dunia havijaanza. Kwa hiyo mzee alizaliwa akaikuta reli imeshazeeka, inapita kandokando ya mashamba ya uwele na karanga. Mwaka 1967 akachukuliwa kibarua kwenye genge, yaani kikosi cha wafanyakazi wanaotunza njia ya reli. Mwajiri enzi hizo alikuwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, makao makuu Nairobi.

Genge lina kipande chake cha njia. Kila alfajiri mtu mmoja anatangulia kukitembea chote kwa miguu, nyundo ya mpini mrefu mkononi, spana begani. Anakagua boliti. Anakagua kabari zinazobana reli kwenye mataruma, yale yanayolazwa chini ya reli kuzishikilia. Anaangalia kama maji yamekula tuta. Na anagonga. Reli nzima inalia wazi, mlio unakwenda mbali. Reli yenye ufa inajibu kwa sauti iliyokufa, kama chungu kilichopasuka. Ufa mwingine uko chini au ndani ya chuma, jicho haliuoni, ila sikio litausikia.

Baba alikuwa na sikio hilo, na hakuliacha kazini. Aligonga pipa la maji akajua limebaki kiasi gani. Aligonga nazi, aligonga ukuta wa nyumba, aligonga mlango wa chumba chetu wasichana kwa kidole kimoja kisha akasubiri, na kwa namna tulivyoitika tu, "karibu baba", alijua kama kuna anayelia. Sisi tulidhani baba wote wako hivyo.

Abiria wa treni ya usiku analala. Anaamka Dodoma, ananunua zabibu, anaendelea. Hajui kwamba kabla yake kuna mtu ametembea gizani na nyundo ili yeye alale. Mzee hakuwahi kulalamika kwamba hajulikani. Ninayelalamika ni mimi, na nalalamika leo kwa kuwa sasa yeye hayupo kunizuia.

Ngoja nihudumie wageni, nitarudi.

#2 Mchangiaji, Tabora

Pole sana mkuu kwa msiba mzito. Mungu ailaze roho ya mzee mahali pema peponi, amina.

Mimi nimekulia jirani na Chuo cha Reli hapa Tabora. Umeniamsha kitu. Watoto wa reli tulikuwa tunalaza sikio relini kusikiliza treni inayokuja wakati hata moshi haujaonekana. Tulichapwa sana kwa mchezo ule, na waliotuchapa walikuwa hao hao watu wa njia. Leo ndiyo naelewa kwa nini walikuwa wakali. Endelea, tunasoma.

#3 Mchangiaji, Ilala

Poleni familia. Swali: ilikuwaje mtu wa Gulwe akaja kustaafia Dar? Na bi mkubwa alimpatia wapi?

#4 Mleta uzi

Asanteni kwa pole. Mkuu wa Tabora, mimi ni binti, kitinda mimba wa watoto saba, kwa hiyo ukiniita dada ni sawa zaidi.

Hili la mama nalijua vizuri, maana mama amelisimulia mara nyingi na baba hakuwahi kulikanusha. Mama alikuwa akiuza karanga za kuchemsha pale stesheni. Siku moja akaenda kununua chungu kwa mwanamke aliyepanga vyungu vyake chini ya mti. Kila chungu akawa anakiinua, anakigonga kwa kifundo cha kidole, anatega sikio, anakirudisha. Vitano, sita, saba. Mwenye vyungu alishaanza kununa. Baba alikuwa amekaa kwenye rundo la mataruma anapumzika, akamwangalia mpaka mwisho. Mama alipoondoka na cha nane, baba akamwuliza mwenye vyungu yule binti ni wa nani. Posa ilikwenda msimu uliofuata baada ya mavuno. Baba alikuwa akisema, "Nilimwona mtu anayesikiliza kitu kabla hajakibeba."

Wamekaa pamoja miaka 54.

Kuhusu Dar. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, kila nchi ikabaki na kilichokuwa ndani ya mipaka yake, na Shirika la Reli Tanzania likaundwa mwaka huo huo. Kwa mtu wa genge aliye porini, mambo ya Nairobi yalikuwa mbali, lakini athari zake zilimfikia kwa njia ya spana. Vifaa vilivyokuwa vikija kwa kuandika barua tu sasa havikuja. Boliti iliyochoka ilibidi ihudumiwe, ipakwe mafuta, igeuzwe, itumike tena. Baba alikuwa tayari mnyapara wa genge, na alisema miaka ile ndiyo iliyomfundisha kazi, kwa sababu njia haijali kama Jumuiya ipo au haipo.

Mwaka 1979 akahamishiwa kipande cha Dar, kutoka Stesheni kwenda Pugu hadi Ruvu. Tukapewa chumba na sebule kwenye kota za reli, Gerezani. Mimi nilizaliwa hapo 1981. Kipande cha Dar kilimsumbua kuliko cha Gulwe. Gulwe adui ni maji. Dar adui ni maji, na joto, na watu. Vibanda vinasogea mpaka kwenye tuta, takataka zinaziba mitaro, kokoto zinachotwa usiku kwenda kujengea. Na joto la Januari mchana, reli inarefuka. Ndiyo maana zile reli za zamani ziliachiwa nafasi ndogo kila zinapokutana, na ndiyo maana treni ya zamani inalia tak-tak, tak-tak, ni magurudumu yanaruka zile nafasi. Nafasi zikijaa kutu na mchanga, reli inakosa pa kwenda, inajikunja ubavuni kama nyoka. Alikuwa akituambia, "Reli inapumua. Usiizibe pua."

Saa nane mchana, wakati watu wenye akili zao wako kivulini, yeye alikuwa juu ya kiberenge, kile kigari kidogo cha relini, anakwenda kuangalia kama reli ya Pugu inapumua.

Likizo ya Desemba tulipata pasi, familia nzima tunapanda treni kwenda Gulwe. Watu wanakumbuka kuku wa Saranda na asali ya Tabora, sisi hatukufika huko, tulikuwa tunashuka kabla. Ninachokumbuka ni baba. Hakulala hata dakika moja. Alikaa na kiganja kwenye ukuta wa behewa, na mara moja moja alisema peke yake, "Hapa wameshughulikia," au, "Hapa hapako sawa." Tukifika anamtafuta mnyapara wa kipande kile kumweleza, kabla hata ya kuwasalimia shangazi zake.

#5 Mchangiaji aliyekulia kota

Dada pole sana. Mimi ni mkubwa kwako, niliishi kota hizo hizo za Gerezani miaka ya sabini.

Umetaja 1977. Jirani yetu ukuta kwa ukuta alikuwa fundi kutoka Kisumu, watoto wake na sisi tulikula sinia moja. Nakumbuka wakipakia vyombo, na mama yangu na mama yao wameshikana mlangoni hawasemi kitu. Kijana wao wa kwanza aliniachia manati yake. Watu huzungumza habari ya injini na mabehewa yalikwenda nchi gani. Kwetu sisi watoto waliogawanywa walikuwa watu.

Na kota ilikuwa shule. Mnyamwezi, Muha, Mgogo, Mzaramo, Msukuma, wote kwenye bomba moja la maji. King'ora cha kazi kikilia asubuhi, mtaa mzima unajua saa. Wazee wa njia walitoka kabla ya king'ora. Tulikuwa tunasikia viatu vyao tu.

#6 Mchangiaji, mtoto wa TAZARA

Poleni sana. Marehemu baba yangu alikuwa upande wa pili, TAZARA. Reli yetu ilijengwa 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 mpaka New Kapiri Mposhi huko Zambia, na upana wake ni milimita 1,067 wakati ya Kati ni 1,000. Tofauti ni milimita 67 tu, lakini behewa la huku haliwezi kwenda kule, mzigo lazima uhamishwe. Wazee wetu nao walikuwa hivyo, kila mmoja anaamini reli yake ndiyo reli.

Nataka kujua mzee wako aliionaje ya kwetu.

#7 Mleta uzi

Kaka wa TAZARA, aliiheshimu mno. Alisema ile milima kati ya Mlimba na Makambako, mtu aliyepitisha reli pale hana haja ya kujitambulisha kwa mtu wa njia. Na unajua yale makaburi ya Wachina waliofia kwenye ujenzi wa TAZARA yako huku kwetu Gongo la Mboto. Baba alipostaafu alikuwa akifika kule, anavua kofia, anasimama kidogo, anarudi. Sikumwuliza anasema nini pale. Nilipaswa kumwuliza.

Sasa niwaambie kilichonifanya nianzishe uzi huu hasa.

Siku ya nne baada ya maziko, mama alinituma nitoe sanduku la mbao lililokuwa chini ya kitanda chake. Ndani kulikuwa na nyundo, filimbi, koti la mvua la kazini limekunjwa vizuri, na madaftari kumi na moja makubwa. Nilijua ni ya kazi. Mnyapara anaandika kila siku alichokikuta kwenye njia, kwa safu nne: tarehe, mahali, kasoro, kilichofanyika. Nikafungua la kwanza nisome habari za Ruvu na Soga.

Hayakuwa ya kazini. Safu zilikuwa zile zile nne, zimepigwa mstari kwa rula, ila kwenye safu ya mahali tulikuwa sisi. Hakuandika majina. Aliandika Wa kwanza, Wa pili, Wa tatu, hadi Kitinda mimba. Na Mama yao.

Nanukuu machache, ndugu zangu wameniruhusu.

"Machi 1988. Wa tatu. Anakohoa usiku. Nimempeleka zahanati, amepewa dawa. Kuangalia tena Ijumaa." Na Ijumaa ipo: "Bado kidogo. Asilale karibu na dirisha."

"Juni 1991. Mama yao. Kimya siku mbili. Sababu haijajulikana. Kukaa nyumbani Jumapili." Kisha Jumapili: "Nimekaa. Ni mama yake mzazi anaumwa, hakutaka kunipa mzigo. Pasi imeombwa, ataondoka Alhamisi."

"Januari 1994. Kitinda mimba. Viatu vimembana, hasemi." Kwenye safu ya kilichofanyika kuna neno moja tu: "Vimenunuliwa."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nusu. Naikumbuka siku ile vizuri sana. Nilikuta viatu vipya juu ya mkeka na hakuna aliyesema kitu. Miaka yote hii nilijua ni mama aliona nikichechemea. Kumbe kuna mtu alisikia nyayo zangu zinagonga sakafu vibaya.

Kuna kurasa nzito. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda kilima eneo la Msagali, Dodoma, ilirudi nyuma ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Kipande kile baba alikitembea ujana wake, alijua kila kona. Sisi tunakumbuka kwamba hakula siku mbili na aliizima redio, yeye ambaye redio ilikuwa rafiki yake. Kwenye daftari siku ile safu ya mahali ameandika "Njia." Safu nyingine ameziacha wazi. Ukurasa unaofuata umeanza wiki mbili baadaye.

Na kuna ukurasa wa mwisho. Agosti mwaka huu. Mwandiko umelegea. "Mimi. Kifua, upande wa kushoto. Wasiambiwe mpaka mtihani wa mjukuu wa darasa la saba uishe."

Mtihani uliisha Septemba. Tulimpeleka hospitali mwanzoni mwa Oktoba, tukaambiwa tumechelewa. Nimekasirika jamani, nisiwafiche. Miaka yote alikwenda kuangalia tena Ijumaa, yake akaiacha. Namlilia na nimemkasirikia, vyote kwa pamoja, na sijui vinakaaje ndani ya mtu mmoja.

#8 Mchangiaji, Gongo la Mboto

Dada, subiri. Mzee huyu si yule aliyekuwa akikaa na chupa ya chai kila asubuhi pale karibu na stesheni ya Gongo la Mboto? Mrefu, kofia ya kahawia? Kama ndiye, mimi na mke wangu na mtoto mchanga tulikuwa kwenye ule msururu wake usiku wa mabomu. Sikuwahi kujua jina lake. Naomba uniambie kama ndiye.

#9 Mleta uzi

Ndiye. Mungu wangu. Ndiye kaka.

Kwa wasiofahamu, usiku wa tarehe 16 Februari 2011 mabomu yalilipuka kwenye ghala la silaha la kambi ya jeshi Gongo la Mboto. Watu walikufa, nyumba zilibomoka, maelfu walikimbia kwa miguu. Baba alishastaafu tangu 2006 na tulikuwa tumehamia kwenye nyumba aliyojenga, mita chache kutoka relini, maana hakuweza kulala mahali asikosikia treni.

Barabara ilikuwa imejaa watu, magari, pikipiki, kila mtu anapiga kelele na hakuna anayejua anakokwenda. Watoto walikuwa wakipotea mikononi mwa mama zao. Baba alitoka na tochi na ile nyundo. Alituhesabu: kumi na mmoja, na wajukuu. Akasema, "Barabarani hapana. Tunafuata njia." Akampanga mama mbele na tochi, watoto katikati wameshikana nguo, yeye akaja nyuma kabisa. Alituambia tukanyage mataruma, si kokoto, na tusikimbie. Kila baada ya mwendo alisimama, anainama, anaweka sikio relini, anasema "Tupu," tunaendelea.

Majirani wakaona tochi wakaingia nyuma yetu, na nyuma yao wengine. Tulipofika Karakata hatukuwa tena familia moja. Kaka wa #8, ulikuwa mmoja wao. Nakumbuka mtoto mchanga aliyelia mpaka akanyamaza, na baba akaja mbele kuuliza, "Huyu mbona kimya?" Mkeo akasema ananyonya. Baba akarudi nyuma.

Tukapita Vingunguti, tukafika Buguruni kwa shangazi kabla hakujapambazuka. Alituhesabu tena mlangoni. Ndipo akakaa chini na mikono yake ikaanza kutetemeka, na mama akaishika yote miwili. Sijawahi kuona mikono ya baba ikitetemeka kabla ya hapo. Kwenye daftari tarehe ile kasoro hakuandika. Kaandika tu, "Wote wapo."

Mtoto yule sasa ni mkubwa. Naomba ukipata nafasi umlete nyumbani, mama amwone.

#10 Mchangiaji, Gongo la Mboto

Yuko kidato cha pili. Nimemsomea ulichoandika. Tutakuja Jumamosi dada, mimi, yeye na mama yake. Sina neno lingine.

#11 Mchangiaji, Ilala

Nimelia hapa ofisini. Dada, nakuuliza kwa heshima: mafao ya mzee yalikwendaje? Wazee wengi wa Jumuiya ya zamani walihangaika. Na je, SGR, hii treni mpya ya umeme, aliipanda?

#12 Mleta uzi

Mafao: madai ya miaka ya Jumuiya yalikwenda na kurudi, kwa miaka mingi, kwa foleni na faili zisizoonekana. Sitataja ofisi wala mtu. Alikwenda kila alipoitwa, shati limepigwa pasi. Alipopata kile alichopata alinunua mabati na kumlipia dada yetu ada. Basi.

SGR, ndiyo. Agosti 2024, wiki chache tu baada ya safari za Dodoma kuanza, mimi na mwanangu tulimpeleka Morogoro na kurudi. Alivaa suti. Zamani ulipanda alasiri ukafika Moro usiku, safari hii tulifika chini ya saa mbili. Watu wote walikuwa wakiangalia ile namba ya mwendo inayopanda kwenye kioo, inafika 160. Yeye aliweka kiganja ukutani, kama zamani, akafumba macho.

Baada ya Pugu akaniambia, "Hailii." Nikadhani hajaridhika. Kumbe anashangaa. Akamweleza mjukuu wake kwamba hizi reli wameziunga kwa moto, hazina zile nafasi, zimebanwa kwenye mataruma ya zege ili zisijikunje, ndiyo maana hakuna tak-tak. Alikuwa anaongea haraka, kwa furaha, kama kijana. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwamba ataona huzuni, kwamba atasema reli yake imepitwa. Haikuwa hivyo hata kidogo. Tulipovuka Ruvu alisimama mpaka tukamaliza.

Akamwita kijana mhudumu, akamwuliza, "Mwanangu, njia yenu nani anaitembea?" Kijana akamwamkia, akasema, "Babu, hilo kwa kweli silijui, lakini nitauliza." Mzee alimsifu kijana yule wiki nzima. Alisema hajabuni, kasema hajui, na kasema atauliza, na huyo ukimpa kipande cha njia atakitunza.

Nyundo nimepewa mimi. Kaka zangu walikubaliana bila ubishi, sikuomba. Iko mezani hapa ninapoandika.

#13 Mchangiaji, Tabora

Dada umetupa zawadi. Naomba nikuulize moja la mwisho: bi mkubwa anaendeleaje?

#14 Mleta uzi

Asante kwa kumkumbuka, kaka. Ana miaka 74. Anaongea kidogo, anakula kidogo, anapokea wageni vizuri.

Tangu alipoolewa aliamka saa kumi alfajiri kuchemsha chai ya baba, tangawizi nyingi, sukari kidogo, anaitia kwenye chupa, kwa sababu mtu wa njia anatoka kabla watu hawajaamka. Baba alipostaafu mama hakuacha kuamka na baba hakuacha kutoka. Chupa ile aliibeba mpaka pale karibu na stesheni, anakaa, anaangalia treni ya Pugu ya asubuhi ikipita na watu wanaokwenda kazini mjini, anamaliza chai, anarudi. Ndiko kaka wa #8 alikomwona.

Leo saa kumi nilisikia jiko linawashwa. Nikanyanyuka nikakaa mlangoni mwa jikoni bila kusema. Alichemsha, akachuja, akajaza chupa, akaifunga, akaiweka pale mezani inapowekwa siku zote. Kisha akakaa kwenye kigoda akiiangalia. Nikagonga fremu ya mlango kwa kidole kimoja. Akasema, "Karibu." Nikaleta vikombe viwili.